Kihenge na Swali la Haki

Kilimo kilipofika kandokando ya Ziwa Victoria hakikukuta nchi tupu. Kwa maelfu ya miaka wavuvi na wawindaji walikuwa wamekaa huko, wakifinyanga vyungu ambavyo wanaakiolojia huviita vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo katika Mto Kagera. Vigae vya vyungu hivyo vimepatikana hata Nyang'oma, mkoani Mwanza. Baadhi ya watu hao walirudi msimu hadi msimu mahali palepale, wakiishi kwa samaki na nyama za porini. Makazi na ufinyanzi, basi, havikungoja jembe.

Miaka ipatayo 2,500 iliyopita walienea watu wa vyungu vya Urewe, waliolima na kuyeyusha chuma huko Kagera. Kunde zilizoungua zilizochimbuliwa Kakapel, magharibi mwa Kenya, zina umri wa miaka kama 2,300. Mazao yalitoka mbali: kunde Afrika Magharibi, mtama mashariki mwa Sudan, ndizi Asia, na baadaye sana mahindi na mihogo Amerika.

Mtama mwitu hupukutisha punje zake zikikomaa. Wavunaji walibeba nyumbani masuke yaliyoshikilia punje, wakapanda mbegu za masuke hayo. Baada ya vizazi vingi mtama ukapoteza uwezo wa kujipanda, na watu nao wakawa hawawezi kuishi bila kuupanda. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Ndivyo utamaduni unavyobadilika: mtoto humwiga mzazi, kinachofaa hubaki, na matokeo huwazidi wote walioyaanzisha.

Je, mabadiliko hayo yalikuwa neema au hasara? Mwaka 1755 mwanafalsafa Rousseau alidai kwamba kujimilikisha ardhi kulizaa ukosefu wa usawa. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Marshall Sahlins alitetea hoja kwamba wawindaji walikuwa na cha kuwatosha kwa kazi ya saa chache kwa siku. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huipa hoja hiyo uzito, kwani mnyama mkubwa akiuawa nyama hugawanywa kambini. Nyama haikai, nafaka hukaa. Kihenge cha fito kilichokandikwa udongo na kuinuliwa juu ya mawe huilinda nafaka dhidi ya panya na unyevu, lakini pia huiweka upande mmoja wa ukuta. Tangu hapo nyumba moja iliweza kushiba mwaka mzima huku ya jirani ikilala njaa.

Usukuma ulilijibu tatizo hilo kwa imani na utawala pamoja. Ntemi, yaani mtawala, alipokea nafaka za watu, na wakati wa njaa alitarajiwa kuwafungulia akiba. Alibebeshwa pia jukumu la mvua, na ukame ukizidi angeweza kuondolewa madarakani. Mamlaka yalitakaswa kwa mizimu ya wahenga, lakini yalipimwa shambani. Mfumo huo haukuwa wa usawa kamili, kwa kuwa wanawake walibeba sehemu kubwa ya kazi ya jembe bila kuwa na sauti sawa juu ya mavuno. Hata hivyo ulikiri kwamba mwenye akiba anadaiwa. Nyerere aliirudia hoja hiyo katika kijitabu chake *Ujamaa* mwaka 1962, akaongeza upande wake wa pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Leo swali limehamia mjini. Mabatini, jijini Mwanza, wengi hula unga wa nafaka iliyolimwa na watu wasiowajua, nao huupata kwa fedha tu. Asiye na fedha husubiri huruma. Lakini mbegu ya nafaka hiyo ni kazi ya vizazi visivyo na majina. Hakuna mkulima, mfanyabiashara wala serikali inayoweza kusema imeitengeneza peke yake. Kilimo chenyewe si neema wala laana. Kinachoamua ni kanuni ya kugawa akiba. Na kwa kuwa akiba yote imesimama juu ya urithi wa wote, chakula cha mwenye njaa ni haki yake kabla hakijawa sadaka ya mtu mwingine.