Mji Hauna Mgongo

Nilipokuwa darasa la tano, mtu alivunja kioo cha dirisha la ofisi ya walimu. Hakuna aliyejitaja, kwa hiyo tukachapwa darasa zima. Mwalimu alianzia dawati la mbele, safu ya kushoto, akawa anakuja taratibu na fimbo yake ya mpera. Mimi nilikaa safu ya tatu. Nakumbuka nilikwisha kufungua kiganja kabla hajanifikia, nikajishangaa kwa nini nimekifungua. Maumivu yenyewe yaliisha kabla ya kengele ya mapumziko. Kilichobaki hadi leo ni kwamba hakuniuliza kitu.

Kumbukumbu hiyo hunirudia kila nisomapo habari za Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, ulivyopigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1941. Naona vibaya kuviweka pamoja, maana huku ni viganja vya watoto na kule ni maiti. Lakini fikra ni ileile, na fikra ikishapata ndege na mabomu haiwi fikra nyingine.

Wajerumani waliipa kazi yao jina la Strafgericht. Strafe kwao ni adhabu, na Gericht ni mahakama. Neno moja limebeba yote mawili, hata anayelisikia adhani kuna kesi iliyosikilizwa. Tarehe 25 Machi 1941 serikali ya Yugoslavia ilitia saini huko Vienna mkataba wa kujiunga na Ujerumani, Italia na Japani. Siku mbili baadaye maofisa wa jeshi wakaipindua, na watu wakajaa barabarani Belgrade wakiimba kwamba heri vita kuliko mkataba. Siku hiyohiyo Hitler aliagiza nchi hiyo ivunjwe na mji wake mkuu upigwe kutoka angani. Jumapili asubuhi, tarehe 6 Aprili, bila vita kutangazwa, ndege zilizokuwa chini ya Jenerali Alexander Löhr zikafika juu ya mji ambao serikali yake ilikwisha kutangaza kuwa hautapiganiwa. Zikaja, zikaondoka, zikaja tena, na kesho yake vilevile. Watu walikufa kwa maelfu.

Sasa tulitazame neno letu wenyewe, mji mkuu. Tunasema mkuu wa shule, mkuu wa mkoa, na papo hapo tunasema mji mkuu, kana kwamba nao una kiti na muhuri. Magazeti huandika kuwa Dodoma imekataa au Nairobi imekubali, nasi tunaelewa kuwa ni watu wachache waliokaa mezani. Ni ufupisho tu wa lugha, hauna ubaya. Ubaya huanza pale mwenye nguvu anapousadiki. Mji hauna moyo wa kukataa wala mgongo wa kuchapwa, na ukiuchapa fimbo itatafuta migongo mingine: ya aliyekuwa akiwasha jiko asubuhi ile, na hata ya yule aliyeona moyoni mwake kwamba mkataba ulikuwa busara na mapinduzi yalikuwa wazimu. Watu wa namna hiyo walikuwapo Belgrade. Bomu halikuwatenga.

Atakayetetea adhabu ya namna hii atanikumbusha ule umati wa tarehe 27 Machi. Kisha, kama ni mtu wa kwetu, atanitolea methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na nimesimama sokoni mara nyingi mbele ya meza ya samaki. Mchuuzi hufanya kinyume chake. Humshika mmoja mmoja, humfunua matamvua, hutazama kama wekundu bado upo, humbonyeza ubavu kwa kidole gumba. Aliyeharibika humtupa kando, waliobaki huwauza. Sijaona mchuuzi aliyemwaga tenga zima kwa sababu ya samaki mmoja. Methali ni ya kuonyana ndani ya familia, tuchungane tusiharibiane jina. Aliyeigeuza kuwa sheria ya kuhukumia watu hajawahi kuuza samaki.

Kuna kilichoungua siku ile ambacho kwangu kinaufunua upofu wa adhabu hiyo kuliko hoja yoyote. Maktaba ya Taifa ya Serbia ilikuwa katika mtaa wa Kosančićev Venac, kwenye mwinuko unaoutazama mto Sava. Iliteketea na vitabu zaidi ya 300,000, na pamoja navyo miswada ya kale, mingine ya karne ya 12, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama. Ngozi haiwaki upesi kama karatasi. Hujikunja kwanza, ikasinyaa, maandishi yakakaribiana na kupandana, ndipo iwe nyeusi. Mtawa aliyechovya kalamu yake miaka 700 kabla alishiriki vipi mapinduzi ya 1941? Na mtoto ambaye angezaliwa 1950, akakua na hamu ya kuyasoma maandishi hayo, naye alikosa nini? Adhabu isiyouliza ni nani haina pa kusimama. Inawafuata wafu kule nyuma na wasiozaliwa kule mbele.

Mji huohuo ulipigwa tena mwaka 1944, tarehe 16 Aprili, siku ya Pasaka ya Waorthodoksi. Safari hii ndege zilikuwa za Marekani, zikitokea Italia, na watu wa chini walikuwa wakiishi chini ya Wajerumani wakiwasubiri hao hao Wamarekani na wenzao waje kuwaokoa. Zilitafuta reli na viwanda, zikaua raia kwa mamia. Je, ni jambo lilelile? Najipima kwa swali moja. Kama wakazi wote wangekuwa wamehama usiku wa kuamkia siku ile, marubani wa 1944 wangerudi wakisema kazi imefanikiwa. Wale wa 1941 wangekuwa wamekosa walichokijia, kwa kuwa adhabu bila wa kuumia si adhabu. Kwa wale wa 1941, mauti ya raia ndiyo yaliyokuwa ujumbe. Kwa wale wa 1944 yalikuwa gharama. Naiona tofauti hiyo kuwa ya kweli na kubwa, na siko tayari kuifuta. Ila gharama hulipwa na mnunuzi, na hapa aliyelipa ni mtu aliyekuwa mezani na mayai yake ya Pasaka, ambaye hakuulizwa kama ananunua.

Löhr, yeye, aliulizwa. Baada ya vita alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Yugoslavia, akahukumiwa kifo, akapigwa risasi Belgrade mwaka 1947. Adhabu ya kifo siipendi, na mahakama ya washindi ina walakini wake. Lakini kulikuwa na mtu mmoja, jina lake likaitwa, mashtaka yakasomwa, akajibu. Mji aliouadhibu haukuwahi kupewa hata hayo.

Na mabomu hayakuishia hapo. Usiku wa tarehe 23 Aprili 1999, NATO walilipiga jengo la televisheni ya taifa, RTS, katikati ya Belgrade, wakisema ni chombo cha propaganda cha Rais Milošević. Huenda kilikuwa hivyo. Waliokufa ni wafanyakazi 16 wa zamu ya usiku, miongoni mwao mafundi, walinzi, na msichana aliyekuwa akiwapamba watangazaji nyuso. Mkurugenzi wa kituo alifungwa baadaye kwa kutowaondoa mle ndani. Waliorusha kombora hawakushtakiwa.

Katika bustani ya Tašmajdan, hatua chache kutoka jengo lile, limesimamishwa jiwe lenye majina 16 na neno moja lenye alama ya kuuliza: Zašto? Kwa Kiswahili, Kwa nini?