Rangi Ipi Ndiyo ya Kweli?

Swali la insha hii ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Mtu anapokarabati kitu kikuukuu ili kirudi katika hali yake, ni hali ipi anayopaswa kukirudisha? Wengi hudhani jibu liko wazi: kirudi kama kilivyokuwa siku ya kwanza, kilipotoka kiwandani au mikononi mwa fundi. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Nitajaribu kueleza sababu zangu kwa mfano ambao nimeushika kwa mikono yangu, nao ni pikipiki ya marehemu babu yangu.

Pikipiki hiyo ni Yamaha AG100. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya mashamba. Injini yake ni ndogo, ya mipigo miwili. Mnyororo umefunikwa wote usiingie tope, kuna keria mbele na nyuma, na stendi za ubavuni ziko pande zote mbili ili isimame hata penye mteremko. Idara za kilimo na mashirika ya misaada yaliitumia sana barani Afrika. Babu alikuwa bwana shamba upande wa Masaka, hapa Uganda. Alikabidhiwa pikipiki hiyo na mradi mmoja wa kilimo, na mradi ulipokwisha akauziwa. Alipofariki, ilikaa miaka kadhaa kwenye banda la kuku, mpaka nilipopata likizo ndefu na kuamua kuipaka rangi upya nyumbani.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Kwanza nilimwaga petroli iliyobaki, nikaliacha tangi wazi mahali penye upepo, kwa maana tangi tupu lenye mvuke wa petroli huweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kutu ya ndani niliilainisha kwa siki kwa siku mbili, kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuondoa ukali wa siki. Nje nilianza na msasa namba 120, nikaendelea na 320, kisha 600. Hapo ndipo swali lilipojitokeza. Rangi ya juu ilikuwa buluu, ambayo babu aliipaka mwenyewe kwa brashi, rangi ya mafuta ya kupakia milango. Mistari ya nywele za brashi ilikuwa bado inaonekana. Chini yake palikuwa na nyeupe ya mradi, pamoja na vipande vya herufi za jina lake. Chini kabisa, karibu na bati, ndipo ilipokuwa rangi ya kiwandani. Pembeni mwa tangi rangi zote tatu zilijitokeza pamoja, kama miduara kwenye kisiki cha mti. Basi ipi ndiyo ya kweli?

Halikuwa swali la kupitisha muda. Mtu mmoja wa mjini anayekusanya pikipiki za zamani alikuja kuiangalia. Alisema angetoa bei nzuri kama tangi lingerudishiwa rangi ya kiwandani na stika zake; ikibaki ya buluu, angetoa nusu tu. Baba mdogo alikuwa na binti anayeingia kidato cha tano, na tofauti ya bei hizo mbili ilikaribia karo yake ya muhula mmoja. Bibi, ambaye kwetu tunamwita jaja, alitamka maneno machache tu: “Pikipiki ya mzee ni ya buluu.”

Waliosoma falsafa watakumbuka kisa cha meli ya Theseus. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli hiyo kwa kubadilisha mbao zake zilizooza moja baada ya nyingine, hata wanafalsafa wakabishana kama ni meli ile ile au ni nyingine. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza ugumu: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu akaunda nazo meli ya pili, ipi kati ya hizo mbili ingekuwa ya Theseus? Kisa hiki ni maarufu, lakini kinauliza kama kitu ni kile kile. Hakiulizi ni nani mwenye haki ya kusema kitu kile ni nini. Mimi sikuwa na shaka kwamba pikipiki ni ile ile. Nilikuwa na shaka juu ya ni maisha yapi ya pikipiki hiyo yanayostahili kuonekana.

Mfano ulio karibu nasi unasaidia zaidi. Makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 mahali hapo pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Je, nyumba ya sasa ni ya bandia kwa sababu nyasi zake ni mpya? Sidhani. Hata kabla ya moto, nyasi za paa zilikuwa zikibadilishwa kila zilipochakaa, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Uhalisi wa nyumba ile hauko katika majani ya siku ya kwanza. Uko katika watu wanaoujua wajibu wao juu yake na wanaoendelea kuutimiza. Anayetafuta nyasi asilia pale Kasubi anatafuta kitu ambacho wenyewe hawakukusudia kukihifadhi.

Nikirudi kwenye tangi, rangi ya kiwandani ni kumbukumbu ya kweli, ila ni kumbukumbu ya mtengenezaji. Inaeleza jinsi mhandisi alivyotaka mashine yake ionekane. Nyeupe ni kumbukumbu ya mradi na fedha zake. Buluu ni kumbukumbu ya kijiji. Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uligunduliwa Uganda, na katika miaka iliyofuata uliangamiza sehemu kubwa ya mibuni ya robusta. Kazi ya babu ilikuwa kwenda shamba hadi shamba akiwaeleza wakulima kwamba mti ulioambukizwa haponi, bali hung’olewa na kuchomwa pale pale. Jaja anasema wako waliofurahi kuiona pikipiki ya buluu ikipanda kilima, na wako waliofunga mlango. Rangi ile imebeba shukrani na imebeba uchungu. Kuiondoa ili kumpendeza mtu aliyeipenda mashine kabla haijafanya kazi yoyote ni sawa na kusema kwamba maisha ya mtumiaji ni uchafu uliomganda mtengenezaji.

Wapo watakaonipinga. Watasema: ukishakubali kwamba kila tabaka lina ukweli wake, basi kila mtu atapaka anavyotaka na kuuita huo ukweli. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu kila fundi anajua rangi inavyoweza kusema uongo. Mtu huziba ufa wa fremu kwa pati, akapaka rangi inayong’aa, na mnunuzi akaja kuujua ufa huo siku fremu inapokatika barabarani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini rangi ina uwezo wa kukifanya kibaya kijiuze. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua tabaka hauwezi kuwa uhuru wa kuficha.

Naona tofauti iko hapa. Kuna rangi inayolinda na kuna rangi inayoziba mdomo. Inayolinda hupakwa juu ya bati lililosafishwa, kutu ikiwa imeondolewa. Inayoziba mdomo hupakwa juu ya kutu yenyewe. Kwa macho ya siku ya kwanza zinafanana. Kinachozitenganisha ni kama mpakaji yuko tayari kumweleza kila anayehusika kilicho chini yake. Ndiyo maana sikuigusa kwa msasa namba iliyochongwa kwenye fremu, nikaandika katika daftari kila kilichobadilishwa, pamoja na pistoni mpya. Nilipiga picha rangi zote tatu kabla ya kupaka praima. Kufuta tabaka bila kuacha kumbukumbu ni kumwamulia mjukuu ajaye asichoweza tena kukihoji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilitoka kwa baba mdogo: kumbukumbu hailipi karo. Falsafa nyingi za uhifadhi hulisahau jambo hili. Ni rahisi kutetea urithi wakati gharama yake inabebwa na mwingine. Kama buluu ingebaki na binti akakaa nyumbani, ningekuwa nimemheshimu marehemu kwa mfuko wa aliye hai, na mtu aliyetumia maisha yake kuwasaidia watu wavune hangefurahia heshima ya namna hiyo. Kwa hiyo nashikilia kwamba uamuzi wa namna hii si wa mwenye brashi peke yake. Ni wa wale watakaoubeba.

Tulikaa kikao cha familia, na binti mwenyewe akaitwa aseme. Alisema yuko tayari kusubiri muhula mmoja, lakini hakubali mtu mwingine aseme hivyo kwa niaba yake. Jaja akakataa asisubiri. Aliuza mbuzi wawili, baba mdogo akaongeza kilichopungua, na pikipiki haikuuzwa. Nilipaka buluu, safari hii kwa bomba la kupulizia, tabaka tatu nyembamba, na juu yake vanishi isiyoyeyushwa na petroli. Sikuiga mistari ya brashi ya babu, maana kuighushi kungekuwa uongo mwingine. Buluu ni yake, lakini mkono ni wangu, na anayejua kuangalia ataona hivyo.

Msimamo wangu basi ni huu. Kitu kikuukuu hakina siku moja ya kweli ambayo siku nyingine zote zimeiharibu. Anayekikarabati huchagua ni sehemu gani ya historia yake itaonekana, na uchaguzi huo unamdai mambo matatu: awe na sababu anayoweza kuitamka mbele ya wanaoguswa, asifiche kilicho chini, na gharama asimtwike mtu asiyeulizwa. Akitimiza hayo, hata rangi ya mlango iliyopakwa kwa brashi inaweza kuwa na haki kuliko rangi ya kiwandani.