Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Nasaha kwa Wenye Kuoza na Wenye Kuoa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake mume na mke, akatia baina yao mapenzi na huruma. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba wahenga wa pwani walinena neno fupi lenye hekima nyingi: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kukopa hukopa akicheka, na siku ya kulipa hulia. Watu huitumia methali hii juu ya kila deni, lakini hapana deni linaloistahili zaidi kuliko deni la harusi yenyewe.

Mtazameni kijana wa leo katika miji ya pwani, toka Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja. Ana kazi ya halali, ana dini, ana adabu. Amemtaka binti wa watu kwa njia ya haki. Wazee wake wamekwenda kuposa, wakajibiwa kwa wema. Kisha ikaja karatasi. Ndani yake mna mahari. Baada ya mahari mna kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mna kitanda, kabati na vyombo. Mna seti ya dhahabu. Mna sare za mashangazi na makungwi. Mna ukumbi, mapambo na wapiga picha. Na mna chakula cha watu mia tano, ambao nusu yao kijana hawajui wala hawamjui. Basi kijana huyu hubakiwa na njia tatu: ama akope, ama angoje miaka, ama aifuate njia ya haramu, ambayo haina karatasi wala haina posa. Na katika hizo tatu hapana moja ambayo baba wa binti angemchagulia mwanawe mwenyewe.

Na ipimwe basi karatasi hii kwa mizani ya sharia.

Nguzo za ndoa katika madhehebu ya Imamu Shafi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Ukumbi haumo, wala dhahabu, wala sare. Mahari nayo si nguzo, bali ni haki ya mke iliyo wajibu juu ya mume. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba kila kifaacho kuuzwa chafaa kuwa mahari. Na wanazuoni wa madhehebu wakasema ni sunna yasipungue dirhamu 10 za fedha wala yasizidi dirhamu 500. Hizo 500 ndizo alizozitaja Bibi Aisha, alipoulizwa mahari ya wakeze Bwana Mtume. Nazo ni fedha yenye uzani wa kilo moja na nusu hivi. Binti yake mwenyewe, Bibi Fatma, mahari yake yalikuwa deraya ya vita ya Sayyidna Ali. Na yule sahaba fakiri aliambiwa atafute walau pete ya chuma. Alipoikosa, akaozwa kwa sura za Kurani alizozihifadhi.

Huenda mtu akasema: sharia haikuweka mpaka wa juu, na Bibi Umm Habiba mahari yake yalikuwa dirhamu 4,000. Maneno hayo ni kweli. Lakini aliyeyatoa alikuwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye aliyatoa katika hazina yake wala hakukopa. Mwenye nacho akitoa kwa ridhaa yake hana lawama. Lawama ni kumpima karani kwa kipimo cha mfalme.

Tena yako mambo mawili ambayo watu wengi wameghafilika nayo. La kwanza ni kile anachojitakia baba. Mahari ni mali ya mke, si ya baba wala ya mjomba. Walii akimuoza binti kwa mahari kadhaa kwa sharti ya kuwa yeye naye apewe kadhaa, madhehebu yasema kwamba mahari yale yaliyotajwa yameharibika, na mke astahiki mahari ya mfano wake. Zawadi ya kilemba itolewayo kwa moyo mkunjufu ni ada njema. Kilemba kinachozuia ndoa ni jambo jingine.

La pili ni mahari makubwa yatajwayo mbele ya watu kisha yakaahirishwa. Masikio hufurahi, na mke hapati kitu. Mahari hayo ni deni lililo juu ya shingo ya mume. Akifa kabla hajalipa, mke ni mmoja wa wenye kumdai, na haki yake hutolewa katika tarika kabla warithi hawajagawana. Basi kidogo kilichotiwa mkononi mwa mke ni bora kuliko kingi kilichobaki katika cheti.

Ama karamu, hiyo ni sunna iliyotiliwa nguvu, wala haifai kuipuuza. Lakini itazameni sunna yenyewe. Bwana Mtume alipomuoa Bibi Zainab alichinja kondoo, na Anas asema hakupata kumuona akimfanyia mke mwingine karamu kubwa kuliko ile. Alipomuoa Bibi Safia, katika safari ya kurudi Khaibar, karamu ilikuwa tende, jibini kavu na samli. Hapakuwa na mkate wala nyama. Kondoo mmoja ndio ulikuwa ukomo wa karamu za mbora wa viumbe.

Na kisa cha Abdurrahman bin Auf kina mazingatio zaidi. Alikuwa mfanyabiashara aliyefanikiwa Madina. Akaoa humo humo Madina, na Bwana Mtume hakupata habari mpaka alipoona juu yake athari ya manukato ya zafarani, akamuuliza. Hakukasirika kwamba hakualikwa. Alimuombea baraka, akamuamrisha afanye karamu walau kwa mbuzi mmoja. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakualikwa na hakununa, ni nani leo mwenye haki ya kukata udugu kwa sababu ya sahani ya pilau?

Tena Bwana Mtume alieleza kuwa chakula kibaya kuliko vyote ni cha karamu wanayoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri. Ndiyo maana wanazuoni wakasema kuitikia mwaliko wa harusi ni wajibu, lakini kwa masharti, na moja katika hayo ni mwenye kualika asiwahusu matajiri peke yao.

Sasa na itazamwe hatari ya deni. Shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Bwana Mtume aliletewa maiti mwenye deni la dinari chache, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Na hilo ni deni tu. Je, deni lenye riba? Kijana anayekopa kwa riba ili alishe watu usiku mmoja, huifungua nyumba yake kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitangazia vita. Mwezi wa kwanza mshahara hukatwa. Mwezi wa pili dhahabu ya mke hutiwa rehani. Mwezi wa tatu huanza maneno, na wale waliokula biriani hawapo.

Nasaha kwa mwenye kuoa: kwanza hesabu mali uliyo nayo, kisha ndipo uhesabu wageni. Toa mahari taslimu. Nikahi na ifungwe msikitini, na karamu iwe nyumbani, siku moja, kwa jamaa, majirani na mafakiri wa mtaa. Furaha haikukatazwa, na dufu limeruhusiwa.

Nasaha kwa mwenye kuoza: ufunguo umo mkononi mwako. Usiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake. Wao hutaja, lakini mwenye kukubali karatasi ni wewe. Futa yale yaliyoandikwa kwa kuogopa maneno ya watu. Ndugu wawili au majirani watatu wanaweza kuwaoza watoto wao siku moja kwa karamu moja, na kila mmoja akaokoa sehemu kubwa ya gharama. Na akitokea mkubwa wa mtaa akaanza yeye kwa harusi nyepesi, wanyonge watapata ujasiri wa kumfuata, naye atapata ujira wao wote.

Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake kwamba watoapo hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya kati. Ewe Mola, wajaalie vijana wa Kiislamu wake wema na riziki ya halali, walainishe nyoyo za wazee wao, na zikinge nyumba zao na deni linaloanza kwa vigelegele na kwisha kwa kilio. Amin.