Mtoto Aliye Mkalimani wa Baba Yake

Wasomaji wetu wengi wa Sengerema ni watoto au wajukuu wa watu waliovuka maji. Katika miaka ya 1940 na 1950 Usukumani palikuwa pamesongamana, watu wengi na ng'ombe wengi, na udongo umechoka. Serikali ya Waingereza ikayafungua mapori ya Geita yaliyokuwa yameshikwa na mbung'o, na Wasukuma wakahamia huko na jamaa zao, na ng'ombe wao, na kilimo chao cha pamba. Sengerema wakati ule ilikuwa sehemu ya Geita. Ilifanywa wilaya mwaka 1975. Siku hizi mtu huvuka toka Kigongo mpaka Busisi juu ya daraja la kilometa tatu lililofunguliwa mwaka 2025, asilowe hata ukucha, na labda adhani ng'ambo ni nchi ile ile. Kwa mtoto wa wakati ule haikuwa hivyo. Alikuwa ameingia Uzinza, na Kizinza na Kisukuma si lugha za kusikilizana.

Sasa, katika nyumba iliyohama, ni nani aliyeijua lugha ya wenyeji kwanza? Si baba, wala si mama. Ni mtoto, aliyechunga na kuogelea ziwani pamoja na watoto wa Kizinza. Kiswahili nacho kilikuwa zaidi cha shule na cha boma. Basi lilipotokea shauri la shamba au la mpaka, baba alimwita mtoto asimame katikati.

Tumfikiri mtoto huyo, mwenye miaka tisa hivi. Ng'ombe wa baba yake wameingia katika mihogo ya mwenyeji, na mwenyeji amekuja kwa hasira, akatamka neno zito juu ya wageni wasio na adabu. Baba auliza, "Amesema nini, mwanangu?" Mtoto ajibu, "Asema, baba, siku nyingine tuwafunge vema." Baba naye atoa tusi, mtoto aligeuza, asema, "Baba akiri kwamba tumekosa." Wazee wawili waagana kwa amani.

Je, mtoto amesema uongo?

Wako watakaosema kwamba ni mpatanishi, na heri nyumba yenye mtoto kama huyo. Hatuwezi kuwacheka, kwa kuwa pengine damu haikumwagika siku ile kwa sababu ya ulimi wake. Lakini na tuendelee mbele kidogo. Mwaka wa pili ng'ombe waingia tena. Mwenyeji asema, "Wewe ulikiri mwaka jana." Baba aapa kwamba hakukiri kamwe, naye kweli hakukiri. Hapo watu wawili waaminifu wataitana waongo, na yule aijuaye kweli ni mtoto peke yake, ambaye hathubutu kuisema. Amani aliyoileta ilikuwa amani ya kukopa.

Tena liko jambo lingine, nalo kwetu ni zito kuliko mihogo. Nyumbani mtoto huambiwa anyamaze mbele ya wakubwa. Njiani yeye ndiye kinywa cha wakubwa. Ameiona hofu ya baba yake, ameona kwamba baba aweza kuongozwa pasipo kujua. Atamheshimu tena namna gani? Twasoma kwamba Yusufu huko Misri alisema na ndugu zake kwa mkalimani. Mkalimani yule hakuwa wa nyumba ile. Aliyachukua maneno, kisha akarudi kula chakula chake. Mtoto wetu yeye hula chungu kimoja na maneno aliyoyageuza.

Wala si habari za zamani tu. Jamaa za wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi wakapelekwa Marekani huona yayo hayo, mtoto akimfasiria mama yake maneno ya daktari. Kanuni iliyotolewa huko mwaka 2016 ilizuia hospitali zipokeazo fedha za serikali zisimtegemee mtoto awe mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Twaona ni kanuni ya haki.

Basi kwa maoni yetu alisema uongo, lakini deni si lake. Ni la baba aliyekaa miaka katika nchi ya watu asijifunze hata kuomba radhi kwa lugha yao, na la mwenyeji aliyemwaga hasira yake masikioni mwa mtoto. Shauri la mpaka au la ugonjwa lingetafutiwa mtu mzima, hata kama ni wa kijiji cha tatu.

Nasi walimu hatuna usafi katika neno hili. Tulipata kumwita shuleni mama mmoja asiyejua ila Kisukuma, tumwambie juu ya utoro wa mwanawe. Mwalimu ajuaye Kisukuma hakuwapo siku ile, tukamtumia mwana mwenyewe atufasirie. Alisema maneno mengi, kwa upole. Mama alitushukuru sana, akaenda zake akitabasamu.