Je, Uamuzi Uhukumiwe kwa Matokeo Yake?

Katika mpira wa Kimarekani, mchezaji aitwaye kwotabeki hana zaidi ya sekunde chache za kuchagua mwenzake wa kumrushia mpira, huku wapinzani wakimjia mbio kumwangusha. Tarehe 1 Februari 2015, katika fainali iliyochezwa Arizona, Seattle ilikuwa nyuma kwa alama 4, yadi 1 tu kutoka mstari wa ushindi, sekunde 26 zikisalia. Makocha waliagiza mpira urushwe. Russell Wilson akamwona Ricardo Lockette ana upenyo, akamrushia. Malcolm Butler wa New England akachomoka, akaudaka.

Lawama hazikukawia. Lakini kosa la Wilson ni lipi hasa? Butler mwenyewe alieleza baadaye kwamba mbinu ile alikwisha kuiona mazoezini. Jambo hilo Wilson asingeweza kulijua. Lau Butler angechelewa hatua moja, Wilson angebebwa juu juu, ilhali akili na mkono wake ni vile vile. (Nasi walimu, mara ngapi tumelipa alama jibu lililobahatishwa?)

Hata hivyo, sithubutu kumwachilia kabisa. Butler hakuwa amejificha. Alisimama uwanjani, mbele ya macho ya mrushaji.