Miche Iliyozeeka Kitaluni

Ukifika Msangano mwezi wa Januari ukamkuta mzee ameinama kwenye kitalu cha mpunga, msalimie upite. Anahesabu siku. Mche una umri wake wa kung'olewa na kupandikizwa. Ukipitiliza, bado utaupanda, utashika, utakuwa kijani kama wa jirani, ila wakati wa kuvuna magunia ndiyo yatakayosema. Wanaopandikiza mpunga kule bondeni hawangoji bwana shamba aje awaambie hilo. Ndiyo maana kisa cha binti wa mzee mmoja kama huyo kinanikera kila nikikikumbuka: alitoka kwenye nyumba inayojua siku ni kitu gani, akaangushwa na siku.

Binti huyu si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa wengi, na sitampa jina, wala ofisi aliyofanyia kazi haina jina. Sheria nitakazozitaja ni za kweli.

Alipanda kutoka bondeni kwenda Tunduma akiwa na cheti cha kidato cha nne, akapata ukarani kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Anayeijua Tunduma anaijua kazi hiyo. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia na Kongo, madereva wanapiga simu usiku wa manane, nyaraka moja ikikosewa lori linalala. Hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, karani mzuri hakukosa cha kufanya. Yeye alikuwa karani mzuri. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, na kila Oktoba ikiisha alisaini mwingine kama ule uliopita. Alisaini mara nne. Mshahara laki nne.

Mwezi Agosti alimwambia bosi kwamba ana mimba ya miezi mitano. Alimwambia kwa mdomo, amesimama mlangoni, kwa aibu kidogo. Sheria inataka mwanamke atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Akishafanya hivyo ana siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Yeye hakuandika. Bosi naye hakuandika. Alicheka, akasema kazi ya mpakani haitaki tumbo, na siku chache baadaye akamletea kijana wa kumfundisha "ili akusaidie". Akamfundisha yote: fomu, mihuri, namba za simu za madereva, hata ni afisa yupi anapenda kusalimiwa kwanza.

Tarehe 31 Oktoba mkataba ukaisha. Hakupewa mwingine. Alipouliza, alijibiwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, sauti ya upole kabisa: "Dada, wewe pumzika kwanza. Ukishajifungua tutaangalia." Kijana akahamia kwenye kiti chake.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi hudhani alikuwa hana kesi. Mkataba si uliisha wenyewe? Uliisha. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu ilhali mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi za kutarajia utahuishwa. Aliyesaini mara nne mfululizo anatarajia mara ya tano. Sheria hiyohiyo inasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, ikiwemo kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri, na mimba imetajwa kwa jina lake. Juu ya hayo kuna jambo ambalo wafanyakazi wachache wanalijua: mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Bosi ndiye angetakiwa kueleza kwa nini kijana aliyefundishwa miezi miwili tu alimfaa kuliko karani wa miaka minne. Sauti yake kwenye simu ingekuwa imekwisha kumjibia. Na sheria hiyo ilipotungwa iliweka fidia ya kuachishwa isivyo halali kuwa isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa laki nne kwa mwezi, hiyo ni milioni nne na laki nane.

Mche wake, basi, ulikuwa mzuri.

Wiki ya kwanza ya Novemba alikwenda kwa shangazi yake, anayeuza mchele Tunduma. Shangazi alimpa ushauri wa mtu mzima: "Mwanangu, usimchafue bosi wako. Ukimpeleka mbele, nani atakuajiri tena mji huu?" Wiki ya pili mchungaji akakubali kwenda kuzungumza na bosi. Bosi alimpokea kwa heshima, akamwagizia soda, akasema huyu ni kama mdogo wangu, mwache ajifungue salama, aje Jumatatu moja tuzungumze. Mchungaji akarudi na habari njema. Jumatatu ilipofika, bosi alikuwa amesafiri. Jumatatu iliyofuata alikuwa na wageni.

Nimewasikia watu wengi wakisimulia habari za waajiri, na sijaona kinga rahisi kuliko "njoo Jumatatu". Haina wakili wala gharama. Inatumia adabu yetu wenyewe dhidi yetu, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri haendi kushtaki wakati mkubwa ameahidi kuzungumza.

Wiki ya tatu, mwenyekiti wa mtaa. Akaandika barua, akagonga muhuri, akamwelekeza baraza la kata, ambako aliambiwa mambo ya ajira si yao. Kisha binti akampigia shemeji yake aliyeko Nairobi, mtu msomi, na huyo akamtuliza: usiwe na haraka, madai ya ajira yana miaka mitatu. Hakudanganya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivyo. Ila Tunduma haiko Kenya. Angekuwa na ndugu Marekani angeambiwa jingine: kule mtu ana siku 180 kupeleka lalamiko la ubaguzi kwenye tume ya shirikisho, nazo hufika 300 pale jimbo linapokuwa na chombo chake. Siku za mwenzako hazikusaidii. Kila nchi ina kitalu chake.

Hapa kwetu ni hivi. Mlango wa mfanyakazi wa sekta binafsi ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu huiita CMA. Kanuni zake, Tangazo la Serikali namba 64 la mwaka 2007, zinatoa siku 30 tangu kuachishwa kazi kwa anayelalamikia kuachishwa, na siku 60 kwa migogoro mingine yote. Siku ni za kalenda ya ukutani, na Jumapili zimo. Unajaza fomu namba moja, unamkabidhi mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, unapeleka Tume. Hakuna ada. Huhitaji wakili. Anaweza kukusimamia kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, kama TUICO au CHODAWU ukiwa mwanachama, au mtu uliyemchagua mwenyewe.

Siku zake 30 ziliisha tarehe 30 Novemba. Siku hiyo alikuwa kanisani.

Hakujua. Desemba ikaanza, tumbo likawa zito, akateremka Msangano kwa mama yake kusubiri. Tarehe 22 akajifungua mtoto wa kike. Siku 60 nazo zikaisha mwishoni mwa mwezi huo, akiwa bado anakandwa kwa maji ya moto. Wiki ya pili ya Januari alikuja jamaa mmoja, dereva, kumwona mtoto. Akauliza barua ya kazi iliishia wapi. Aliposikia alishika kichwa. Tarehe 14 Januari binti akapanda gari na mtoto mgongoni, baba yake akiwa shambani anang'oa miche, akaifikia ofisi ya Tume kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya 75.

Karani wa Tume hakumfukuza. Alimweleza kwamba aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo hutazama urefu wa ucheleweshaji, sababu zake, nguvu ya madai yenyewe na hasara atakayopata upande wa pili. Akaandika ombi. Siku ya kusikilizwa alifika na kadi ya kliniki, kadi ya mtoto, barua ya mwenyekiti yenye muhuri, na simu yenye ule ujumbe.

Mwakilishi wa mwajiri hakugusa simu. Hakusema neno kuhusu kijana wala tumbo. Alichukua kalenda. Akakubali kwa upole kwamba mama aliyejifungua tarehe 22 Desemba hawezi kulaumiwa kwa siku zilizofuata. Kisha akauliza: tarehe 1 hadi 21 Desemba alikuwa wapi? Na Novemba nzima, mwenye afya ya kupanda na kushuka kwa mchungaji na kwa mwenyekiti, kwa nini hakupanda na kushuka kuja hapa? Binti akajibu ukweli wake, kwamba walikuwa wanazungumza. Nadhani ndilo jibu ambalo yeyote kati yetu angelitoa. Lakini mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba aliyechelewa aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa moja, na kwamba mazungumzo ya pembeni hayasimamishi muda. Barua ya mwenyekiti, aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya shamba, ndiyo ikamwumiza: ilikuwa na tarehe, ikaonyesha kwamba Novemba alikuwa mzima na anatembea.

Ombi likakataliwa. Angeweza kupeleka marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Nazo zikapita. Mtoto aliugua, nauli haikuwepo, na moyo ulikuwa umechoka.

Kuna watakaosema kisheria alishindwa kwa haki, na siwezi kuwabishia sana. Bila ukomo, kesi zingefufuliwa baada ya mashahidi kuhama mji. Lakini siku 30 kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, mbali na ofisi, katika jamii inayomfunza kuomba kabla ya kudai, ni kipimo kikali mno, na sioni kwa nini Kenya imudu miaka mitatu sisi tushindwe hata siku 90.

Wifi yake, muuguzi wa zahanati ya serikali, alipokisikia kisa hiki aliapa kwamba yakimkuta yeye atakimbilia Tume hiyo kesho yake. Angepotea kwa njia nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa milango ya sheria za kazi. Mwaka 2022, katika shauri la Shirika la Posta, Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wote wa CMA na wa Mahakama Kuu kwa sababu mlalamikaji alikuwa mtumishi wa umma na huo haukuwa mlango wake. Yule alibisha hodi nyumba ya jirani. Majina ya tume hizi mbili yanafanana masikioni, na sijaona ubao wowote wa matangazo zahanati ukieleza tofauti yake.

Siku hizi binti ana kibanda cha vinywaji karibu na maegesho ya malori. Mtoto anatembea. Chini ya kaunta, kwenye mfuko uleule wa nailoni, ameweka nakala tupu za fomu namba moja, alizotoa fotokopi kwa hela yake. Makarani wa ofisi za forodha hupita jioni kunywa soda, na wakinuna wananuna kwa namna anayoijua. Mmoja alikuja wiki moja ya Machi, akaanza kusimulia jinsi alivyoonewa, jinsi bosi alivyomtukana kabila lake mbele ya madereva, jinsi alivyomwambia arudi wazungumze. Binti akamkata kauli kabla hajafika mbali.

"Kaka, hayo utaniambia baadaye. Barua umepewa tarehe ngapi?"