Amana ya Mwili Haina Likizo

 

Ndugu zetu Waislamu, mwisho wa muhula alirudi kutoka chuo kikuu cha bara kijana mmoja wa darasa yetu. Khabari yake twaiandika kwa ruhusa yake. Ana ugonjwa wa sukari tangu udogoni, wa ile aina ambayo kongosho limeacha kutoa insulini, hata hana budi kujipiga sindano kila siku. Alikuja amekonda, na darasani baada ya Magharibi aliondoka mara nne kunywa maji na kwenda haja. Sisi tulimkemea mbele ya wenziwe, tukasema elimu ya bara imemwondolea adabu. Hakujibu neno. Siku ya pili mamake alituita: kijana anatapika, anahema kwa nguvu, na pumzi yake yanuka kama tunda lililoiva mno. Alhamdulillahi alifikishwa hospitali mapema, akatiwa maji ya mishipani na insulini, akapona. Tulikwenda kumtaka radhi, kwani aliyekosa adabu ni sisi, tuliohukumu kabla ya kuuliza.

Tulipomwuliza alitueleza. Siku za mitihani alikesha akisoma, akila chipsi na soda saa yoyote. Kupima damu akakuona ni kupoteza wakati. Sindano ya jioni ilianza kusahauliwa, kisha ikaachwa. Kila siku alisema, "Mtihani ukisha nitajirudi." Ulipokwisha akaona haya kwenda kwa daktari, asije akalaumiwa. Na alipofika mtaani, jirani akamwambia sindano ndiyo imlayo mwili, aiache, anywe kombe na kuvaa hirizi.

Basi yako mambo matatu tupendayo kuyakumbusha.

La kwanza ni maana ya tawakkul. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola, na katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwaka 1922 akatibiwa kwayo mgonjwa wa kwanza. Kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu hakuishi ila muda mchache. Je, neema hii tuikatae? Dua hatuikatazi, bali twaihimiza. Lakini amwambiaye mgonjwa aache sindano yake amshika mkono kumpeleka kaburini.

La pili ni namna ya kurudi. Aliyeacha sala hangoji Ramadhani ndipo atubie. Huanza kwa sala iliyo mbele yake. Mgonjwa naye aanze leo. Amwendee daktari na kumwambia kweli yote, apimwe ile damu inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Asijizidishie dawa kulipa sindano zilizompita, kwani sukari ikishuka chini ya 4 katika kipimo chake atatetemeka, atatoka jasho na kuchanganyikiwa; hapo anywe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, apime tena baada ya dakika 15. Kabla ya kula, wengi hutakiwa wawe baina ya 4 na 7, ila daktari ndiye ampangiaye kila mtu wake. Yale apimayo ayaandike daftarini. Na akitapika na huku sukari iko juu, asingoje kuche, aende hospitali.

Tena Mwislamu ana saa asiyohitaji kuinunua. Sindano na vipimo avifungamanishe na Alfajiri na Isha, wala shughuli za muhula hazitamsahaulisha. Kila atawadhapo aitazame miguu yake, juu na chini na baina ya vidole, kwani sukari huua hisi za miguu, na kidonda kidogo kisichojulikana huja kukata mguu mzima. Haya ni machache, lakini tumefunzwa kuwa amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo.

La tatu latuhusu sisi jamaa. Barazani na arusini twawasukumia wagonjwa haluwa, kaimati na chai ya sukari nyingi, na akataaye twamwona ameudharau mkono wetu. Ramadhani yaja, nasi twamwonea haya aliyeruhusiwa kula, ilhali Mola wake ndiye aliyempa rukhsa. Tusiwe hivyo. Mtoto akirudi nyumbani, kabla hatujamwuliza alama za mitihani, tumwulize, "Mwanangu, dawa wazitumia? Zimebaki ngapi?" Tumwulize kwa upole, maana akemewaye hujificha, na ajifichaye huangamia.

Kijana wetu sasa amerudi chuoni, na daftari lake mfukoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe afya yeye na wagonjwa wote wa Waislamu, na atusamehe sisi ulimi wetu.

Wabillahi ttaufiq.